Mbwa mzee naye anahitaji nyumba

Mwezi uliopita, mwalimu mmoja mstaafu ambaye nimemtibu shinikizo la damu kwa miaka mingi alimaliza kupimwa, akavaa sweta yake, kisha badala ya kuondoka akaketi tena.

"Daktari," akaanza, "nikimchukua mbwa mzee, ataniletea ugonjwa gani?"

Nilidhani ni mzaha, lakini haukuwa mzaha. Majirani zake walikuwa wamehamia ng'ambo wakamwacha mbwa wao, Popi, mikononi mwa mlinzi wa lango. Popi alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Wapangaji wapya hawakumtaka, na kamati ya mtaa ilikuwa imeamua kwamba kufikia mwisho wa mwezi awe ameondolewa. Kila mkazi alijua maana ya neno hilo. Mbwa asiye na mwenyewe hutupwa mbali au hutiliwa sumu kwenye nyama.

Nakiri kwamba jibu la kwanza lililonijia lilikuwa, "La, Mwalimu, achana naye." Nilipokuwa ningali mwanafunzi wa udaktari, nilimwona mtoto akifa kwa kichaa cha mbwa. Alikuwa ameumwa na mbwa aliyeokotwa na jamaa zake. Kidonda kilikuwa kidogo, kikapona, na kila mtu akasahau. Alipoletwa kwetu hakuweza kumeza hata maji, na hapakuwa na dawa ya kumwokoa. Tangu siku hiyo, mbwa asiye na cheti cha chanjo hunitia hofu.

Hata hivyo, daktari hapaswi kumshauri mgonjwa kwa hofu yake mwenyewe. Nilimwomba Mwalimu anipe siku mbili, nikazungumza na rafiki yangu ambaye ni daktari wa mifugo. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na naamini yatamfaa msomaji yeyote anayefikiria kumchukua mbwa mzee aliyeachwa, au anayemtafutia mbwa wake mahali pa kuishi.

CHANJO KWANZA

Kichaa cha mbwa si ugonjwa mpya hapa kwetu. Mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa nao nchini Kenya aligunduliwa karibu na Nairobi mwaka wa 1912. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa ugonjwa huu, wengi wao barani Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Watoto ndio huumia zaidi. Mwaka wa 2014 Kenya ilitangaza mkakati wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni kuwachanja mbwa kwa wingi, angalau 70 kati ya kila 100.

Kwa hivyo, jambo la kwanza ni kuuliza cheti. Ikiwa hakuna cheti, mhesabu mbwa huyo kuwa hajachanjwa, hata mwenyewe akiapa kwamba alichanjwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo achunguzwe na kudungwa sindano kabla hajaanza kuzoeana na watoto, kisha chanjo irudiwe kila mwaka. Umri mkubwa haumwondolei mbwa haja ya chanjo.

Na akikuuma je? Osha kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, halafu nenda hospitali siku iyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Huenda ukasikia kwamba mbwa hutazamwa kwa siku kumi. Ni kweli, lakini usikae nyumbani ukingoja siku hizo ziishe. Sindano huanza mara moja, na mbwa akiendelea kuwa mzima hadi mwisho wa siku hizo kumi, daktari wako anaweza kuzisimamisha. Dalili za ugonjwa huu zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo.

MINYOO NA KUPE

Baada ya chanjo huja minyoo. Mayai ya minyoo ya mbwa hutoka katika kinyesi na kukaa kwenye udongo ambamo watoto huchezea. Yakimwingia mtoto kwa mikono michafu, yanaweza kudhuru ini, mapafu na hata macho. Tegu wa mbwa naye husababisha malengelenge makubwa ya maji katika ini na mapafu ya binadamu, ugonjwa ambao umewatesa sana wafugaji wa Turkana.

Kinga yake si ghali. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo, ondoa kinyesi kila siku, nawa mikono kwa sabuni, na usimtupie kamwe maini wala mapafu mabichi kutoka buchani. Mwoshe, na umtafutie dawa ya kupe na viroboto.

MARADHI YA UZEENI

Mbwa wakubwa wa mwili huanza kuhesabiwa wazee wakifika miaka saba au minane, na wadogo wakikaribia kumi. Maradhi yao yanafanana sana na yetu. Viungo huuma, meno huoza, masikio huziba, macho huingia mtoto wa jicho, na mkojo humponyoka.

Mambo haya yanamhusu pia mtu anayekaa naye. Mbwa mwenye jino bovu au nyonga inayouma anaweza kuuma mtu kwa sababu ya maumivu, wala si kwa ukali. Mbwa kiziwi akishikwa ghafla usingizini hushtuka na kurusha meno. Wafundishe watoto kumwita kwanza, au kugonga sakafu kwa mguu ili ahisi mtikisiko, na wasimguse akiwa amelala au anakula.

Jambo jingine ambalo huniudhi ni watu kumpa mbwa dawa zao wenyewe. Ibuprofen na diclofenac, ambazo wengi huwa nazo kabatini, zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Hata paracetamol inaweza kumdhuru. Usimpe chokoleti, mifupa iliyopikwa, wala makombo ya mchuzi wenye vitunguu. Vitunguu huvunja damu ya mbwa.

JE, NYUMBA INAFAA?

Mtu mzima anashauriwa kutembea au kufanya zoezi la wastani kwa dakika 150 hivi kila wiki. Kwa mstaafu kama Mwalimu, mbwa mzee anaweza kuwa mwenzi mwema kuliko mtoto wa mbwa. Hutembea polepole, havuti kamba kwa nguvu, hatafuni viatu, na tabia yake imeshajulikana. Hatari iliyopo ni kujikwaa. Wazee wengi huvunjika nyonga kwa kuanguka nyumbani, kwa hivyo mbwa asilale mlangoni wala kwenye njia ya kwenda chooni usiku, na taa iwe karibu.

Si kila nyumba inayofaa, na si aibu kukataa. Kuna wasioruhusiwa na mwenye nyumba, kuna ambao dini yao haikubali mbwa ndani, na kuna wenye pumu au mzio wa manyoya. Yule anayemtoa mbwa naye aseme ukweli wote. Kama anakojoa ndani au aliwahi kumuuma mtu, liseme kabla hajaondoka. Mbwa anayerudishwa mara mbili huwa vigumu zaidi kumpatia mahali. Ni vizuri mwenyeji amtembelee kwanza, watembee pamoja, kisha akae naye siku chache za majaribio. Ukikosa mtu wa kumchukua, peleka habari kwa chama cha kuwatunza wanyama, kama vile KSPCA jijini Nairobi. Na ikiwa ugonjwa wake umefika mahali hapana nafuu, daktari wa mifugo anaweza kumpumzisha bila maumivu. Huo ni utu kuliko sumu.

Swali la mwisho nililomwuliza Mwalimu lilikuwa gumu. "Ukilazwa hospitalini, nani atamlisha?" Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba binti yake anakaa mtaa wa pili na angemwuliza. Nilimwambia bila jibu la binti huyo nisingemshauri amchukue.

Binti alikubali. Popi alichanjwa, akapewa dawa ya minyoo, na meno mawili yaliyooza yakang'olewa. Daktari wa mifugo alisema huenda hayo ndiyo yaliyomfanya amngurumie mlinzi kila alipoletewa chakula. Kamati ya mtaa ilionyeshwa cheti, nayo ikaridhika.

Wiki iliyopita Mwalimu alikuja tena kupimwa. Sitasema kwamba mbwa amemponya. Vidonge vyake bado ni vile vile, na nilimkanya asiviache. Lakini aliniambia kwamba sasa huamka saa kumi na mbili kumtembeza Popi, na kwamba tangu mumewe afariki hakuwa na sababu ya kutoka nje mapema.

Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Kuna mbwa wengi wazee wanaoogelea bila kuuona ufuko. Ikiwa una nafasi, una mtu wa kukusaidia, na uko tayari kulipia chanjo, mmoja wao anaweza kufika kwako. Ila aje na cheti.