Gari likivuja, mnunuzi asikawie kudai

Masika ndiyo hupima magari ya mizigo yanayoshuka Milima ya Uluguru. Karafuu kavu za Matombo zikilowa kwa sababu ya bodi linalovuja, huota ukungu na kushuka bei kabla ya kufika Morogoro mjini.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda aliyemweleza mfanyabiashara wa magari kazi anayotaka kufanya, akategemea ujuzi wake: gari lazima liifae kazi hiyo. Likivuja, mnunuzi anaweza kulikataa na kudai fedha zake, mradi asikawie. Akiendelea kulitumia huku likizibwa kila wiki, huweza kuhesabiwa amelikubali, akabakiwa na madai ya fidia tu.

Aliyelikagua hawezi kulalamikia kasoro iliyokuwa wazi. Malalamiko yaandikwe, nakala itunzwe.