Betri Chakavu na Hatari ya Risasi Majumbani

Taka nyingi zitokazo majumbani hazina thamani, na kwa sababu hiyo hutupwa. Betri ya gari, au ile itunzayo umeme wa jua, ni kinyume chake. Hata ikiisha nguvu kabisa huwa na mnunuzi, na mara nyingi haifiki jalalani. Makala hii inakusudia kueleza jinsi thamani hiyo, isipoangaliwa, inavyoweza kuwa chanzo cha maradhi kwa watoto wa nyumbani.

Tuchukue mfano wa Mapinga, wilayani Bagamoyo. Kata hii ipo kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, ng'ambo ya Mto Mpiji, na ardhi yake, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani hiyo, ni ya mchanga. Palipokuwa mashamba sasa panajengwa nyumba, na pamoja na nyumba huja magari na mitambo ya umeme wa jua. Betri zake hudumu miaka michache tu, kisha hubaki pembeni mwa ua zikingoja mnunuzi.

Ndani ya betri ya namna hii mna mabamba ya risasi na oksidi yake, yaliyozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Zaidi ya nusu ya uzito wote ni risasi; betri ya kilo 15 huwa na takriban kilo 9. Madini haya huyeyuka katika nyuzi 327 za Sentigredi, joto lipatikanalo kwa urahisi katika jiko la mkaa. Hapo ndipo hatari ilipo. Kazi inayostahili kiwanda huweza kufanywa uani kwa shoka, sufuria na mkaa: asidi humwagwa chini, mabamba hutolewa na kuyeyushwa, ikapatikana chubwi ya nyavu au kipande cha risasi cha kuuza.

Afanyaye hivyo hudhani kwamba moto ukizimika kazi imekwisha. Sivyo. Moshi na majivu yake huanguka kwenye udongo wa ua. Risasi haiozi wala haiteketei kwa moto. Hukaa katika tabaka la juu la ardhi kwa miaka mingi, na asidi iliyomwagwa huweza kuishusha chini zaidi, hasa katika mchanga usio na mfinyanzi wa kuizuia. Kila asubuhi ua hufagiwa, vumbi likaingia ndani na kutua juu ya vyombo na mikeka. Mtoto atambaaye hulishika, kisha hutia vidole mdomoni.

Mtu mzima hufyonza mwilini kama sehemu moja katika kumi ya risasi aliyoimeza; mtoto mdogo huweza kufyonza karibu nusu yake. Mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu na kuiweka akiba mifupani, na mama mjamzito humpitishia mwana aliye tumboni. Risasi huzuia utengenezaji wa damu, hudhuru figo, na huharibu ubongo unaokua. Mtoto huyo huenda asionekane mgonjwa. Shuleni husemwa kuwa ni mvivu au mzito wa kuelewa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Mifano ya Afrika ni ya kusikitisha. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo betri chakavu zilikuwa zikivunjwa. Karibu nasi zaidi, wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa walidhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani na makazi yao hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, baada ya rufani, Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Kiwanda kilifungwa, lakini kesi ya sumu yake iliendelea kwa miaka mingi.

Haifai kuhitimisha kwamba urejelezaji ni adui. Risasi huweza kuyeyushwa tena na tena bila kupoteza ubora wake. Katika kiwanda kilichojengwa mbali na makazi, betri huvunjwa na mashine ndani ya jengo lililofungwa, asidi huzimuliwa, plastiki huoshwa itumike tena, na moshi huchujwa kabla ya kutoka.

Wajibu wa mwananchi, basi, ni kuifikisha betri huko ikiwa nzima. Iwekwe wima, kivulini, juu ya beseni la plastiki, mbali na watoto. Isifunguliwe wala kumwagwa. Anunuaye mpya airudishe ya zamani kwa muuzaji. Na mkusanyaji aulizwe anaipeleka wapi na kama ana kibali, maana sheria zetu za mazingira hudai kibali kwa mwenye kukusanya taka hatarishi. Mahali palipokwisha kuyeyushiwa risasi pasifagiwe pakavu, watoto wasichezee hapo, na daktari aelezwe ili damu yao ipimwe.

Mnunuzi aijaye na shoka mkononi, akiahidi bei nzuri kwa sharti la kuvunjia betri uani, asikubaliwe. Atachukua risasi aliyoilipia, na iliyosalia mchangani itabaki na watoto wa nyumba hiyo.