Wikipedia: Kwa nini neno la bingwa halitoshi bila chanzo

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Mei Mosi, wafanyakazi wa Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi huandamana kwa mabango na ngoma. Si wengi wanaokumbuka kwamba chimbuko la siku hiyo linahusishwa na damu iliyomwagika katika jiji la Chicago, Marekani, Mei 1886. Zaidi ya miaka 120 baadaye, tukio hilo lilizua mzozo wa aina nyingine kabisa, safari hii kati ya profesa wa historia na wahariri wa kujitolea wa Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri.

Mzozo huo ulizua swali ambalo hadi leo linawagusa wanafunzi, walimu, waandishi wa habari na wote wanaotafuta taarifa mtandaoni: iwapo bingwa wa jambo anasema maandishi yaliyopo si sahihi, na wasio mabingwa wanasema yabaki, nani asikilizwe?

Profesa dhidi ya wahariri

Usiku wa Mei 4, 1886, bomu lilirushwa katikati ya askari polisi waliokuwa wakitawanya mkutano wa wafanyakazi katika uwanja wa Haymarket, Chicago. Askari saba walipoteza maisha, na baadhi ya raia pia waliuawa. Wanaharakati wanane wa kundi lililopinga mamlaka ya dola, wakijulikana kama waanakisti, walitiwa hatiani. Wanne walinyongwa Novemba 11, 1887, na mmoja alijiua gerezani siku moja kabla. Watatu waliosalia walisamehewa mwaka 1893 na Gavana John Peter Altgeld, ambaye aliilaani kesi nzima.

Kwa miongo mingi, vitabu vingi vya historia vilieleza kwamba upande wa mashtaka haukuwa na ushahidi wa maana dhidi ya washtakiwa. Wikipedia nayo iliandika hivyo. Timothy Messer-Kruse, profesa katika Chuo Kikuu cha Bowling Green State, jimbo la Ohio, alikuwa ametumia miaka kadhaa akipekua kumbukumbu za mahakama. Aliona kwamba kesi iliyochukua wiki kadhaa, ikasikiliza mashahidi wengi na kupokea vielelezo vya kitaalamu, haiwezi kuelezwa kuwa haikuwa na ushahidi. Kama ushahidi huo ulitosha au haukutosha, hilo kwake lilikuwa suala jingine.

Mwaka 2009 aliifuta kauli hiyo, lakini muda mfupi baadaye ikarejeshwa. Alipotaja kumbukumbu za mahakama, aliambiwa kwamba hizo ni vyanzo vya msingi, na kwamba kinachotakiwa ni maandishi ya wanahistoria waliozichambua. Akasubiri. Kitabu chake kuhusu kesi hiyo kilitoka mwaka 2011, akarudi nacho mkononi. Safari hii jibu lilikuwa kwamba kitabu kimoja hakiwezi kuangusha maelezo ya vitabu vingi, na kwamba maoni ya wachache hayapewi uzito sawa na ya walio wengi.

Februari 2012 alisimulia mkasa huo katika gazeti la Marekani linaloandika habari za vyuo vikuu, The Chronicle of Higher Education. Makala hayo yalizua mjadala mkubwa, na kazi zake zikaingia miongoni mwa vyanzo vya ukurasa ule.

Kanuni tatu

Ili kuelewa msimamo wa wahariri hao, ni lazima kufahamu namna Wikipedia inavyofanya kazi. Tangu ilipoanzishwa Januari 15, 2001, haijawahi kuwa na jopo la wataalamu wa kupitisha makala kabla hayajasomwa. Badala yake, ilijiwekea kanuni tatu kuu. Ya kwanza ni kutoegemea upande wowote. Ya pili ni kwamba kila dai linaloweza kupingwa lazima lithibitike katika chanzo cha kuaminika kilichochapishwa. Ya tatu ni kwamba makala si mahali pa kutangaza utafiti mpya.

Kwa kanuni hizo, mhariri hapimwi kwa shahada zake bali kwa chanzo alicholeta. Sababu mojawapo ni kwamba wahariri wengi hutumia majina ya bandia, hivyo ni vigumu kuhakikisha nani ni nani. Mwaka 2007 ilibainika kuwa mhariri mmoja mashuhuri, aliyejulikana kwa jina la Essjay na kudai kuwa profesa wa teolojia, alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na sifa hizo. Kama neno lake lingekubaliwa kwa ajili ya cheo chake, wasomaji wangekuwa wamepotoshwa bila kujua.

Mwandishi akosa sifa juu ya kitabu chake

Kisa kingine kilichotikisa kamusi hiyo kilimhusu Philip Roth, mwandishi maarufu wa riwaya wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 2018. Ukurasa kuhusu riwaya yake ya mwaka 2000, The Human Stain, ulitaja maoni kwamba mhusika mkuu aliigwa kutoka kwa mhakiki Anatole Broyard. Roth alikanusha, akisema chimbuko lilikuwa mkasa uliompata rafiki yake, Melvin Tumin, profesa wa Chuo Kikuu cha Princeton. Alipoomba marekebisho kupitia mtu mwingine, alijibiwa kwamba neno lake peke yake halitoshi na kwamba vyanzo vingine vinahitajika.

Septemba 2012 Roth alichapisha barua ya wazi kupitia jarida la The New Yorker. Barua hiyo yenyewe ikawa ndicho chanzo kilichokuwa kinakosekana, na maelezo yake yakaingizwa katika ukurasa huo. Hata hivyo, maoni ya wahakiki waliomtaja Broyard hayakufutwa, kwa kuwa nayo yalikuwa yamechapishwa. Msomaji aliachiwa aone pande zote mbili.

Njia za kusuluhisha

Katika Wikipedia ya Kiingereza, mzozo wa vyanzo huanzia kwenye ukurasa wa majadiliano ulioambatanishwa na kila makala. Hapo mhariri hutakiwa kueleza kauli anayoipinga, chanzo chake na sababu zake. Kufuta na kurejesha bila kuzungumza huhesabiwa kuwa vita vya uhariri. Anayetengua kazi za wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa, hata kama ni bingwa na hoja yake ni sahihi.

Wawili wakishindwa kuelewana, wanaweza kuomba maoni ya mtu wa tatu. Iwapo ugomvi ni juu ya ubora wa chanzo, upo ukurasa maalumu ambako wahariri wengine hukipima: nani amekichapisha, kilipitiwa na nani, na kinafaa kwa dai lipi. Ngazi inayofuata ni kuomba maoni ya jumuiya nzima, mjadala ambao kwa kawaida huachwa wazi kwa siku 30. Juu kabisa ipo Kamati ya Usuluhishi, lakini hiyo huamua juu ya mwenendo wa wahariri. Haiamui nani ana haki kuhusu historia au sayansi.

Kwa bingwa, njia inayofaa zaidi ni kutokubishana kwa cheo. Anaweza kuonyesha tafiti za wenzake mbali na zake mwenyewe, na akitaja kazi yake afanye hivyo kwa kiasi na kuweka wazi kuwa ni yake. Anaweza pia kupendekeza kauli iandikwe kwa kumtaja mwenye maoni, badala ya kudai kauli nyingine ifutwe.

Pale pasipo na vitabu

Utaratibu huo una kasoro yake. Unaegemea maandishi, na maarifa mengi ya Afrika hayajaandikwa. Mwaka 2011 mradi uliofanyika India na Afrika Kusini ulijaribu kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama vyanzo vya Wikipedia, ili mila na ujuzi wa wazee visikose nafasi kwa sababu tu havimo vitabuni. Jambo hilo linaigusa pia Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na yenye wahariri wachache mno ikilinganishwa na ya Kiingereza. Mzee wa pwani anayeijua historia ya mji wake anaweza kujikuta katika hali ile ile ya Messer-Kruse, ila yeye hana hata kitabu cha kusubiri kitoke.

Kwa msomaji wa kawaida, visa hivi vinaonyesha kwamba kauli iliyomo katika kamusi hiyo haina budi kusomwa pamoja na tanbihi yake. Penye shaka, ukurasa wa majadiliano na orodha ya mabadiliko huwa wazi kwa kila mtu, na mara nyingi humo ndimo huonekana nani alipinga nini, na kwa ushahidi gani.