Injini ya gari la kuunga mwenyewe: kagua njia ya petroli kabla hujapiga stata

Wadau, kuna ugonjwa unawapata wengi wanaounga magari yao nyumbani. Mtu anakaa mwaka mzima anafunga nati moja moja kwa uangalifu, halafu siku injini imeshakaa kwenye chesisi uvumilivu wote unamwisha. Anamwaga petroli, anafunga betri, anapiga stata, na jirani kashasimama pembeni na simu anarekodi. Ni siku hiyo hiyo gari linaweza kuungua. Leo nieleze njia ya petroli inavyoandaliwa ili mtu aishie kushangilia.

Kwanza tuelewane ni magari gani haya. Uingereza kuna utamaduni wa siku nyingi wa kununua gari likiwa vipande kwenye maboksi, ukaliunga mwenyewe. Maarufu kuliko yote ni Lotus Seven ya Colin Chapman, iliyotoka mwaka 1957. Tangu 1973 inatengenezwa na Caterham, na mpaka leo unaweza kuinunua kwa vipande. Zamani watu walikimbilia vipande kwa sababu ya kodi: gari zima lilitozwa kodi ya mauzo, vipande havikutozwa, hadi VAT ilipoingia mwaka huo huo wa 1973. Wengine wananunua chesisi tu, injini wanachomoa kwenye Ford au Mazda MX-5 kuukuu.

Gari la namna hii haliingii barabarani bila ukaguzi wa serikali, unaoitwa IVA tangu 2009. Lakini ukaguzi huo unakuja mwishoni. Siku ya kwanza ya kuwasha mkaguzi ni wewe. Na kila kiungo cha petroli umekifunga kwa mkono wako, hakuna hata kimoja kilichowahi kuonja presha.

Petroli si mafuta ya taa. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni kutafuta cheche. Gereji nyingi za Uingereza zimeshikana na nyumba, na boila ya maji ya moto wakati mwingine iko humo humo. Basi sukuma gari nje. Weka karibu mtungi wa kuzima moto wa poda au povu. Ndoo ya maji haifai, petroli inaelea juu ya maji na moto unasambaa nayo.

Kanuni yangu ni moja: njia ya petroli ijaribiwe peke yake, umeme wa plagi ukiwa umekatwa. Nafuata mpangilio huu.

1. USAFI. Tangi jipya la alumini mara nyingi lina chenga za kuchomelea na kutoboa. Weka petroli kidogo, tikisa, imwage kupitia kitambaa cheupe, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Mipira kata kwa kisu kikali, ukitumia msumeno unaacha vumbi la mpira ndani. Chenga moja ikikwama kwenye sindano ya kabureta, floti haifungi na petroli inafurika juu ya injini. Kwenye EFI inaziba nozeli.

2. MIPIRA NA KLIPU. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida kule ni E10, yaani ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani inakauka na kupasuka. Tafuta ulioandikwa R9 ubavuni. Halafu jua injini yako: kabureta inataka presha ndogo, kama psi 3 hivi, wakati EFI nyingi zinataka psi 40 na kitu. Hiyo ni zaidi ya mara kumi! Mpira na klipu vilivyotosha kabureta usivipeleke kwenye EFI. Paipu ishikiliwe kila sentimita 30 hivi, na ikae mbali na ekzosi.

3. PAMPU NA HEWA. Pampu ya umeme inajua kusukuma, kuvuta haiwezi sana. Ifunge chini, karibu na tangi. Hakikisha tundu la hewa la tangi halijaziba, maana petroli ikitoka bila hewa kuingia, gari litawaka vizuri kisha lizime, na utamsingizia fundi wa umeme bure.

4. JARIBIO LENYEWE. Chomoa umeme wa koili na wa nozeli. Mimina lita 5 tu. Usiguse kitu kwa robo saa, chungulia chini, kama kuna tone utaliona. Sasa washa swichi. Kwenye EFI pampu italia sekunde mbili tatu halafu inyamaze, usishtuke. Kontroo boksi inasubiri injini izunguke. Zima, washa tena, mara nne tano, hewa itoke. Kama pampu hailii kabisa, anza na swichi ya ajali, ile inayokata petroli gari likigongwa. Ukiigonga kidogo wakati wa kufunga inajikata. Baada ya hapo angalia fyuzi na rilei.

Pita kila kiungo na tishu kavu. Tishu ikilowa au pua ikinusa kitu, zima pampu, toa presha, rekebisha, anza upya. Usikaze klipu huku pampu inafanya kazi.

Kama una geji, soma presha, zima, uangalie. Ikishuka ghafla kuna mahali panavuja, au valvu haishiki. Pima na wingi pia: elekeza mpira kwenye dumu lililokaa chini, hesabu dakika moja. Injini ya nguvu za farasi 100 ikikamuliwa yote inakunywa kama lita 30 kwa saa, yaani nusu lita kwa dakika. Pampu ikitoa chini ya hapo, injini itawaka vizuri hapo nyumbani lakini mlimani itakata pumzi.

5. SASA STATA. Umeme wa plagi ukiwa bado umekatwa, zungusha injini kwa stata mpaka presha ya oili ionekane. Ndipo urudishe umeme wote. Mtu mmoja kwenye ufunguo, mwingine kwenye injini na mtungi mkononi, na mkubaliane kabisa alama ya kuzima. Ikiwaka, dakika ya kwanza msishangilie mlio, angalieni viungo, maana sasa kuna joto na mtikisiko. Ikishapoa, kagua klipu zote tena.

Na haya si ya Wazungu wenye Lotus tu. Hata hapa Bongo, mtu anapopandisha injini iliyoshuka kwenye kontena kutoka Japani, anaunga mpira wa petroli upya, na mara nyingi anatoka kwenye kabureta kwenda EFI. Paipu ya zamani iliyozoea psi 3 inabebeshwa psi 40. Fundi wako akikwambia "itakaa tu", mwambie awashe pampu kwanza, plagi zikiwa hazina umeme, mpite na tishu pamoja. Ni nusu saa tu, na gari ni lako.

Mafundi mliomo humu, mwenye la kuongeza amwage hapo chini. Nawakilisha.