Tusiizike chatini pamoja na mama zetu

Wahenga walinena kuwa mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Sina shaka kwamba aliyeitunga methali hiyo alikuwa ameketi jikoni, wala si sokoni. Wali wa nyumba hii hutofautiana na wa nyumba ile kwa kile kinachoandamana nao: mchuzi, chatini, achari, pilipili ya kusaga au tui la nazi. Mchele ni ule ule.

Niliyakumbuka maneno hayo majuzi nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu. Nilikuwa nimewapa mada nyepesi: chakula cha jioni nyumbani kwetu. Nilitarajia kusafirishwa kutoka jiko hadi jiko bila kuondoka kitini. Lo! Niliyoyakuta yalinivunja moyo. Insha baada ya insha ilisimulia mkate na siagi ya kopo, chipsi na sosi ya chupa, ugali na mchuzi uliokolezwa kwa unga wa paketi. Ungedhani wanafunzi wote arobaini wanakula katika nyumba moja.

Ni binti mmoja tu aliyeandika jambo tofauti. Alisimulia namna bibi yake anavyoloweka ukwaju, akaukamua kwa vidole, akaupika kwa bizari na pilipili hadi ukawa mzito, kisha familia nzima ikauchovea viazi. Nilifurahi mno, nikaisoma insha hiyo kwa sauti mbele ya darasa. Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akauliza iwapo kwao hawana pesa za kununua sosi.

Binti yule aliinama, na sikuweza kuwakemea wenzake. Ningewakemea kwa uso gani, ilhali mimi mwenyewe nilitenda vibaya zaidi?

Nilipojiunga na shule ya bweni huko bara, mama yangu alinipakia chupa ya achari ya embe. Alikuwa ameyakata maembe mabichi, akayatia chumvi, akayaanika juani siku kadhaa, kisha akayapika kwa siki, pilipili na viungo alivyovijua yeye. Bwenini niliona wenzangu wametoa chupa za sosi nyekundu zenye vibandiko vya kupendeza. Nikaona haya. Niliificha chupa yangu chini ya nguo sandukuni, na Jumapili jioni nikaenda kuimwaga shimoni. Likizo ilipofika, mama aliniuliza kama achari ilitosha. Nikamwambia iliisha mapema, hata chupa tuliilamba. Alifurahi, na muhula uliofuata akanipakia chupa mbili.

Mama alifariki mwaka 2011. Hakuna aliyewahi kukiandika kipimo chake. Dada yangu mkubwa anakumbuka viungo, lakini hakumbuki siku za kuanika. Mdogo wetu anakumbuka siku za kuanika, lakini viungo vimemtoka. Mimi nimejaribu mara nyingi, na kila mara hupata achari nzuri isiyokuwa ile.

Wasomaji wapenzi, hicho ndicho kiini cha makala haya. Katika bakuli dogo la chatini mna elimu, na elimu hiyo haina maktaba isipokuwa mikono ya watu wanaozeeka.

Tuanze na elimu ya lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Waulize wanafunzi wako kifumbu ni nini. Waulize tofauti kati ya kasimile, tui jepesi na chicha. Waulize mbuzi asiyekula majani anafanya kazi gani jikoni. Wengi watakukodolea macho. Mbuzi ni kifaa cha kukunia nazi, kifumbu ni mfuko wa ukili wa kuchujia tui, kasimile ni tui zito la kwanza, na chicha ni machujo yanayobaki. Mtoto hawezi kulipenda neno ambalo hajawahi kulishika kwa mkono. Tunamkaririsha msamiati kwa ajili ya mtihani, naye anausahau siku ile ile anapoweka kalamu chini.

Isitoshe, majina ya vitoweo hivi ni historia iliyofupishwa. Neno chatini limetoka Bara Hindi, ambako asili yake ni kitenzi chenye maana ya kulamba. Achari nayo ilitufikia kwa njia ya Waajemi na Wahindi. Pilipili kali tunazozisaga, nyanya na njugu karanga zote asili yake ni mabara ya Amerika, na zilienea pwani yetu baada ya Wareno kufika. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kabla ya hapo, hakuna bibi wa Kiswahili aliyewahi kuionja nyanya.

La kuchekesha zaidi ni kisa cha ukwaju. Waarabu waliuita tende ya Hindi, na wataalamu wa mimea wakalifuata jina hilo wakauita Tamarindus indica. Kumbe mkwaju ni mti wa Afrika tangu asili! Mwenyewe ameitwa mgeni kwao, na leo tunamfanya mgeni hata mezani.

Si pwani pekee kwenye utajiri huu. Kule Nyanza na magharibi mwa nchi, mboga za kienyeji hukolezwa kwa njugu au simsim iliyosagwa. Waacholi wa Uganda huusaga mchanganyiko wa aina hiyo wakauita odii, na wengine huupaka juu ya viazi vitamu au muhogo. Kwa hiyo anayedhani kuwa kupaka kitu juu ya chakula ni ustaarabu ulioletwa na mkate anajidanganya.

Pili, kuna elimu ya sayansi. Kwa nini chatini ya nazi mbichi haingoji kesho, ilhali achari ya embe hukaa miezi? Nazi iliyokunwa ina maji na mafuta, nayo huchacha upesi katika joto letu. Achari ina chumvi, ukali wa siki, na embe lililopunguzwa maji na jua. Vijidudu vinavyoozesha chakula havistawi katika mazingira kama hayo. Ukwaju nao una uchachu wake wa asili, na ukiutia sukari ukaupika vyema, utadumu zaidi. Hilo ni somo zima la kuhifadhi chakula, na maabara yake ni sufuria moja.

Siagi ya njugu hufunza zaidi. Chukua nusu kilo ya njugu. Zichague moja moja, uzikaange bila mafuta hadi ganda jembamba lianze kutoka, uzipepete kwa ungo, kisha uzitwange kinuni au uzisage kwa mashine. Mwanzoni utapata unga mkavu. Usikate tamaa, endelea. Unga utashikana, halafu utalainika wenyewe bila kutiwa tone la mafuta, kwa sababu takribani nusu ya uzito wa njugu ni mafuta, na kiasi cha robo ni protini. Tia chumvi kidogo, basi. Ikikaa siku kadhaa mafuta yataelea juu. Hiyo si dalili ya kuharibika. Ni kwamba hukutia kitu cha kuyashikiza kama wafanyavyo viwandani. Koroga uendelee kula.

Hapa lazima niseme ukweli ambao wapenzi wa mambo ya kale huusahau. Chakula hakiwi salama kwa sababu tu kimepikwa nyumbani. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 wakafa kutokana na sumu ya aflatoksini iliyokuwa katika mahindi. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa yamevunwa na kuwekwa na wakulima wenyewe. Sumu hiyo hutokana na ukungu, nayo huzipenda njugu sawasawa na inavyoyapenda mahindi. Moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi. Mnamo Januari 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini lilisimamisha uuzaji wa siagi ya njugu ya kampuni kadhaa kwa sababu ya sumu iyo hiyo.

Kwa hivyo, kiwanda hukosea na jiko hukosea. Nazi mbovu ni harabu ya nzima, na njugu mbovu ni hivyo hivyo. Nunua njugu zilizokaushwa vyema, na usisite kuitupa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyoota ukungu. Uzuri wa jikoni ni kwamba jicho la anayechagua ndilo jicho la atakayekula. Lakini jicho hilo sharti lifunzwe.

Tatu, kuna afya na mfuko. Sosi nyingi za nyanya za chupa zina sukari inayokaribia robo ya uzito wake. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Anayenunua chupa hupokea chumvi na sukari aliyopimiwa na mtu asiyemjua. Anayepika mwenyewe hushika kijiko. Nyanya zilizoanza kulainika, ambazo muuzaji sokoni huzipunguza bei kabla jua halijatua, ndizo hasa zifaazo kwa chatini: zikaange na kitunguu, kitunguu saumu, pilipili na chumvi kidogo, uache zichemke hadi maji yakauke. Parachichi lililoiva, likipondwa kwa uma na kukamuliwa ndimu, latosha kupaka mkate wa watoto wanne asubuhi.

Najua nitakayoambiwa. Mwalimu, mama anayerejea kutoka kazini saa mbili usiku atawasha moto saa ngapi? Atakuna nazi saa ngapi? Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Vitoweo hivi tunavyovisifu vilijengwa juu ya migongo ya wanawake. Mama aliamka alfajiri, akatwanga, akakuna, akakamua. Sisi wanaume tukasubiri mkekani na kulalamika kwamba chumvi imezidi. Iwapo kuirudisha chatini mezani ni kumrudishia mama mzigo huo peke yake, basi heri chupa ibaki.

La hasha! Sipendekezi hivyo. Ukwaju na siagi ya njugu hutengenezwa Jumamosi moja, vikaliwa wiki nzima. Mashine ya kusagia si dhambi, wala kinu si ibada. Na mvulana ana mikono kama ya msichana. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, somo la Sayansi Kimu lilifundishwa na kutahiniwa katika shule za msingi, kabla ya kuondolewa katika orodha ya masomo yanayotahiniwa. Wavulana wengi wa rika langu walilikejeli kwamba ni la wasichana. Leo baadhi yao hawawezi kujikaangia yai.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unasema kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Wazazi wengi wamelalamika, tena kwa haki, kwamba kutenda huko kumewalazimu kununua vifaa wasivyovimudu. Walimu wenzangu, hapa pana kazi isiyodai kifaa kipya. Mwambie mwanafunzi akae na mtu mzima wa nyumbani kwao, atengeneze naye kitoweo kimoja, kisha aandike: viungo, vipimo, hatua, na maneno yaliyotumika. Palipo na kipimo cha "kiasi tu", apime kwa kijiko aandike idadi. Palipo na neno asilolijua, aulize. Insha hiyo itakuwa ya Kiswahili, ya sayansi, ya hesabu na ya historia kwa mpigo mmoja.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuagizwa. Bibi yako hatakuwapo daima kuulizwa. Ukishamaliza kuandika, msomee akusahihishe, kwa maana watu wazima husahau kutaja lile wanalolifanya bila kufikiri.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani na chupa ya achari, ile yangu isiyokuwa ya mama, na mikate michache. Niliwasimulia wanafunzi kisa cha shimoni, nikawaambia kwamba aliyestahili kuchekwa ni mimi. Darasa lilinyamaza. Kisha wakala, na chupa ikarudi tupu.

Kengele ilipolia, yule mvulana aliyeuliza habari za pesa alibaki nyuma. Nilidhani anataka kuomba radhi. Aliniambia kuwa nyanya yake anaishi Taveta na huunda kitu cha ndizi ambacho hakijui jina, na akataka kujua kama simu inatosha kumhoji au ni lazima aende.

Nilimwambia apige simu jioni hiyo hiyo, na likizo ikifika aende.