Je, Wajua? Kata, Diwani na Kura Moja ya Shinyanga

Kwa mama anayetoka kisimani, kata ni ile khanga iliyoviringishwa na kuwekwa utosini ili ndoo isimuumize. Pwani, kata ni kifuu cha nazi chenye mpini, cha kutekea maji mtungini. Siku ya uchaguzi ni eneo linalomchagua diwani mmoja. Manispaa ya Shinyanga inazo 17, kuanzia Mjini, Ngokolo na Ndembezi hadi Chibe na Mwamalili, ambako ng'ombe ni wengi kuliko maduka.

Wageni hushangazwa na jina la kata ya Old Shinyanga. Shinyanga ya kwanza ilikuwa huko. Reli ya kwenda Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, mji ulifuata stesheni, na miaka ya 1930 Waingereza wakapafanya pale pa zamani makao ya utafiti wa mbung'o.

Neno diwani nalo limesafiri. Zamani katika miji ya Mrima lilikuwa cheo cha mtawala, na mpaka leo kitabu cha mashairi huitwa diwani. Diwani wa kata ya leo, sheria inamtaka ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.

Je, wajua kwamba madiwani waliwahi kutoweka? Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa jina la madaraka mikoani. Zilirudi 1984, kwa sheria zilizotungwa 1982. Kwa miaka kumi na miwili wilaya zilikaa bila diwani.

Lakini ukitaka kuona nguvu ya diwani wa leo, pa kutazama kwa makini ni Geita. Kwa miaka mingi mgodi mkubwa wa dhahabu ulilipa serikali za mitaa dola 200,000 kwa mwaka, dhahabu ipande au ishuke. Baadaye ukaanza kulipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, mpango wa mgodi wa kuwasaidia wananchi lazima ukubaliwe na halmashauri. Maana yake ni kwamba diwani wa kata ya Mgusu, penye wachimbaji wadogo, anaponyoosha mkono barazani, mkono huo unachangia kuamua zahanati ijengwe wapi na darasa lipi lianze kuezekwa. Mimi naona ni mkono mzito, na inaniuma kuona watu wanaikunja karatasi ya diwani bila hata kusoma majina.

Na kura moja ina uzito gani? Mwaka 2010, Stephen Masele wa CCM alitangazwa mbunge wa Shinyanga Mjini kwa kumzidi Philip Shelembi wa CHADEMA kura moja tu. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani pia, kwa hiyo kura hiyo moja iliamua vilevile nani aketi kwenye kikao kinachojadili barabara za Ndembezi na maji ya Kolandoto.