Mkonge wa Tanga: Mashamba Yamerudi, Korona Hazitoshi

Kuanzia Ngombezi, nje kidogo ya Korogwe, hadi Hale na Muheza, mkonge umerudi. Mapori yaliyokuwa yamemeza mashamba ya zamani yamefyekwa, mistari imenyooshwa upya, na wakulima wadogo wamepewa maeneo ndani ya mipaka ya mashamba yaliyokuwa ya walowezi, kisha ya serikali, kisha ya kampuni. Jambo hilo ni la kushangilia. Ila ukiacha mashamba ukafuata trekta lililobeba majani, utaishia kwenye foleni.

Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche michache tu iliyonusurika safari ndefu kutoka Florida. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha takribani tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka, na hakuna aliyeifikia duniani. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka. Mashamba mengi yakataifishwa, mitambo ikazeeka bila kubadilishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Mwaka 2019 serikali ikauingiza mkonge kwenye orodha ya mazao ya kimkakati, na baadaye ikaweka lengo la tani 120,000 ifikapo 2025. Uzalishaji umepanda kweli, lakini haujafika hata theluthi moja ya ule wa 1964.

Jibu la haraka likawa miche na ekari. Miche imegawiwa, ekari zimeongezeka. Tatizo ni kwamba mkonge hauuzwi ukiwa majani. Lazima upite kwenye korona, ule mtambo mkubwa unaoponda jani na kulikwangua hadi zibaki singa, na korona haioti shambani kwa sababu mvua zimenyesha.

Tazama kazi yenyewe inavyokwenda. Mkataji huanza alfajiri, kabla jua halijawa kali. Hukata majani ya chini, huondoa mwiba wa nchani, hufunga vicha vya majani 30 na kuvipanga kandokando ya njia ya trekta. Kuanzia hapo saa inahesabu. Jani likikaa zaidi ya siku moja au mbili hukauka, nyama yake hung'ang'ania singa, na hata likipita korona singa hutoka na madoa. Daraja linashuka, na bei nayo. Kwenye korona majani humwagwa juu ya mkanda, watu huyapanga kwa mikono yawe sambamba, ngoma zenye visu zinakwangua upande mmoja wa jani kisha mwingine huku maji yakimwagika bila kukoma. Singa mbichi huanikwa kwenye nyaya juani, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja, hushindiliwa kuwa marobota. Pampu ya maji ikifa, kila kitu kinasimama. Beringi ikivunjika, vilevile. Na wakati mtambo umesimama, mkataji kule shambani hajui, anaendelea kukata.

Hapo ndipo hesabu ya tija inapogeuka. Ukimwongezea mkataji kasi, umerefusha foleni. Ukimwongezea mkulima ekari, vilevile. Saa moja ya ziada ya korona inayozunguka ina thamani kuliko ekari nzima mpya ambayo majani yake yatangoja zamu. Tena mkonge usiokatwa kwa wakati hauhifadhiki ukisubiri: majani ya chini hunyauka, na mmea wenyewe una umri wake. Ukishatoa mlingoti wa maua, umekwisha. Mkulima aliyesubiri kama miaka mitatu hadi mkato wa kwanza, kisha akakosa zamu ya korona, amepoteza mavuno ambayo hayatarudi msimu ujao.

Wenzetu wamelijibu swali hili kwa njia mbili. Kule Bahia, Brazil, ambayo ndiyo inayoongoza dunia sasa, mashine ndogo ya injini huburutwa hadi shambani na kukwangua majani palepale. Hakuna foleni wala gharama ya kusafirisha majani mabichi yaliyojaa maji. Lakini jani hulishwa kwa mkono, na mashine hiyo ina sifa mbaya ya kukata vidole na mikono ya watu. Singa zake pia huhitaji kusafishwa zaidi. Sioni sababu ya kuileta Korogwe jinsi ilivyo. Kenya wameshika njia nyingine. Rea Vipingo kule Kilifi na Teita Sisal pale Mwatate ni mashamba makubwa ambamo mwenye shamba, mwenye trekta na mwenye korona ni mmoja. Anapanda kwa kadiri mtambo wake unavyoweza kula, na anakata kwa ratiba hiyohiyo.

Korogwe mambo yamegawanyika. Wakulima wako kwenye vyama vyao vya ushirika, AMCOS za Hale, Magoma, Mwelya, Magunga na Ngombezi. Wengi wao hutegemea korona kuukuu za yale mashamba ya zamani, na usafiri ni shughuli nyingine peke yake. Kila mmoja ana hesabu yake, na foleni haina mwenyewe. Ratiba moja ya kukata, inayopangwa kwa kuangalia korona na si kwa kuangalia nani anadaiwa ada ya shule, ingeongeza singa bila kununua chuma chochote. Stoo yenye beringi, mikanda na visu vya akiba ingeongeza nyingine. Korona mpya zinahitajika, hilo halina ubishi, ila korona mpya inayosimama siku mbili kwa wiki kwa kukosa kipuri itakuwa deni jipya tu.

Kuna na jambo la mabaki. Katika kilo 100 za majani, singa hazizidi kilo 4 hivi. Zinazobaki ni maji na nyama ya jani, ambazo kwa miongo mingi zimekuwa zikitiririkia mabondeni na mitoni. Hale kulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme, kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na ikadhihirika kwamba inawezekana. Umeme huo ungeweza kuzungusha korona yenyewe. Kwa nini haukuenea mashamba yote? Sehemu ya jibu ni ileile: mtambo wa gesi unataka mabaki kila siku, na korona inayosimama kila mara haiwezi kuulisha.

Kilimo kinabeba karibu theluthi mbili ya nguvukazi ya Tanzania na kuchangia takribani robo ya pato la taifa, na taarifa zake hutolewa kwa ekari zilizopandwa na tani zilizovunwa. Kwa mkonge, Bodi ya Mkonge ingeweza kuongeza safu moja kwenye taarifa zake za mwezi: kila korona, saa ilizozunguka, saa ilizosimama, na kilichoisimamisha.